Herufi Sita, Herufi Tano

Ada laki tisa. Fomu elfu kumi, hairudishwi.
Chumba Mtwara mjini, kule Chikongola, choo cha kuchangia,
thelathini kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita.
Nimeyaandika nyuma ya nakala iliyotoka na wino mwingi,
nikajumlisha mara mbili;
ya pili ikazidi ya kwanza.

Hapa Newala hesabu haieleweki mpaka uigeuze korosho.
Nimeigeuza. Kwa bei ya mnada uliopita, ada peke yake
ni gunia nne zilizoshiba, kabla ya makato.
Baada ya makato, sisemi.

Mfaume, mume wangu, hapigi kelele, anauliza tu,
huku anachambua mchele:
hicho cheti kitakuajiri wapi?
Naye ana hoja. Namjua Nampunju wa stendi,
alikipata mwaka juzi, ufaulu mzuri, picha ya joho ukutani.
Sheria anaitoa bure, anauza vocha.
Msaidizi wa kisheria si wakili, wamekwisha nieleza:
hasimami kortini kumtetea mtu,
wala hamtozi mnyonge anayemwelekeza.
Mwaka mzima, gunia nne na chumba cha Chikongola,
ili niruhusiwe kutolipwa.

Na sasa ninalipwa. Mkabala na Mahakama ya Mwanzo
nina kompyuta moja, mashine ya nakala, feni lenye kikohozi.
Ukurasa elfu mbili. Kiswahili changu kinasifiwa;
wapo wasemao barua zangu zinaliza watu.

Mwezi wa sita alikuja Somoe Chinguile.
Mikorosho ishirini na saba, aliipanda na marehemu mumewe,
mashimo alichimba yeye, mimba ya saba tumboni;
hukumu imesomwa, yote ya shemeji.
"Niandikie, mwanangu."
Nikamwandikia.
YAH: OMBI LA HURUMA.
Kwa Mkuu wa Wilaya, kwa heshima na taadhima.
Nikaweka na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Ilikuwa barua nzuri, wallahi, niliisoma kwa sauti
akafuta macho kwa pindo lile lile
alilofungulia sarafu nne za mia tano.

Siku ya thelathini na nne karani wa mahakama
alikuja kutoa nakala ya kitambulisho,
akaiona barua kwenye kioo, akatabasamu, si kwa ubaya.
"Hii ilitakiwa iwe rufaa," akasema.
"Siku thelathini. Zimeisha."

Huruma ina herufi sita.
Rufaa ina tano.
Nilimpa Somoe lile refu.

Ghalani kwa chama nimeona mpimaji akiegemeza goti
chini ya bamba la mizani, kilo mbili zinapotea
na mkulima anatazama mshale kwa imani.
Nilimlaani mtu yule miaka mingi.
Goti lake lilijua linafanya nini.
Vidole vyangu havikujua, na vilipoteza mikorosho ishirini na saba.

Karani anasema bado upo mlango mdogo:
aombe kuongezewa muda, ataje sababu ya kuchelewa.
Sababu inakaa hapa, nyuma ya kibodi,
ina mtoto wa darasa la pili na deni la tona.

Fomu ya chuo nayo inauliza sababu.
Imeacha mistari mitatu.
Nimejaza jina, nimejaza kata, nimebandika picha,
mistari ile mitatu iko wazi, na Mfaume hajajibiwa.
Laki tisa ni laki tisa. Nampunju bado yuko stendi.

Leo asubuhi Somoe amepita,
kauliza kama majibu ya Mkuu wa Wilaya yametoka.
Nimevuta kiti. Nimezima feni ili nimsikie.
Nimemwomba aanze upya, polepole,
tangu tarehe ya hukumu.